Pikipiki Kuukuu na Mafundi wa Kusini

Wapenzi wa pikipiki za kale wamegawanyika tangu zamani katika madhehebu mawili yasiyopatana: moja lashikilia kwamba chombo kikongwe hakina budi kurudishwa kama kilivyotoka kiwandani, rangi kwa rangi na skrubu kwa skrubu, na la pili lasema kwamba chombo ni mali ya mwenye nacho, naye ana haki ya kukikata, kukiinua, kukishusha na kukipamba kadiri nafsi yake inavyotamani. Huko Uingereza, ambako chama cha wahifadhi wa pikipiki kongwe, Vintage Motor Cycle Club, kiliundwa mwaka 1946, na ambako baadaye vijana walizoea kung'oa injini ya Triumph na kuipachika katika fremu ya Norton ili wapate chombo cha tatu walichokiita Triton, hoja hiyo ilikuwa ya watu wenye wasaa, na fedha ya kuchezea haikuwapungukia. Katika nchi ya Naipingo na vijiji vinavyotapakaa kati ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, hoja hiyo hiyo ilizaliwa na dhiki, wala haikuanza na pikipiki.

Ilianza na vifaru. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walijiona wamepungukiwa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yao ikaazimia kulima karanga katika Afrika Mashariki kwa kipimo ambacho hakijapata kuonekana: ekari 3,210,000 kwa jumla, na zaidi ya nusu ya hizo zikakusudiwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, ambamo Nachingwea ilichaguliwa iwe makao. Azma ilikuwa kubwa, lakini matrekta hayakuwapo. Viwanda vya Ulaya vilikuwa bado havijavuta pumzi baada ya vita. Kwa hiyo yakanunuliwa matrekta chakavu ya jeshi kutoka Ufilipino, na kiwanda cha Vickers-Armstrongs kikachukua vifaru vya Sherman, kikavivua mizinga na deraya, kikavigeuza kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Hapana ugeuzaji wa chombo niujuao uliokuwa na ujasiri kuliko huo, wala uliotahayarika upesi kama huo. Mashine zilikutana na udongo mgumu na mizizi migumu zaidi, zikakatika na kulala, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ukaachwa, hasara ikihesabiwa kuwa takriban pauni milioni 36.

Sikusudii kuuhukumu mradi mzima, maana waliouhukumu ni wengi na baadhi yao hawakuacha neno kwa wengine. Muradi wangu ni mdogo: kifaru kile kiligeuzwa na mtu aliyekuwa mbali, ambaye aliijua sana mashine na hakulijua pori. Kilipovunjika, aliyeitwa kukitazama alikuwa kijana wa Kimwera, wa Kiyao au wa Kimakua, aliyekwisha kufundishwa kushika spana na kuendesha trekta, naye akawa analijua pori tangu utotoni na mashine anaianza upya. Wazungu wa karanga walipofungasha, waliacha nyuma majina ya mashamba, kama lile la Farm 17. Waliacha kambi ambazo baadaye zilikuja kuwapokea wapiganaji wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, chini ya Samora Machel. Na waliacha watu wa namna hiyo, waliojua kwamba chuma kina mlango wa kukiingilia.

Waliacha pia reli, iliyotoka pwani hata Nachingwea, na ambayo ilikuja kuunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Reli ilijengwa kwa ajili ya karanga, na karanga zikawa hazipo. Ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Mtaa wa Stesheni ungalipo mjini Nachingwea, lakini msafiri akiulizia garimoshi ataonekana mtu wa kuchekesha. Tangu siku hizo, mwenye haja ya kwenda Naipingo, Ruangwa au Kilimarondo alikuwa na miguu yake, baiskeli, lori la bahati nasibu, na kwa wachache waliojaaliwa, pikipiki.

Wachache hao walikuwa akina nani? Mabwana shamba, mabwana afya, wakaguzi wa shule, mapadri na mabruda wa misheni. Pikipiki haikuwa mali ya raia. Ilikuwa chombo cha kazi chenye nambari ya ofisi, na aliyeipanda aliheshimiwa kwa mlio wake kabla hajaonekana uso. Zile za zama za Mwingereza ni hizo ambazo leo wakusanyaji wa Ulaya huzilipia fedha nyingi. Ilikuwako BSA ya M20, iliyoundwa kwa maelfu kwa ajili ya jeshi, nzito, ya injini ya karibu sentimita 500 za ujazo na nguvu za farasi zisizozidi 13. Na ilikuwako ndogo yake, BSA Bantam ya mwaka 1948, iliyoenea kila pembe ya dola ile. Hiyo Bantam ina kisa cha kumtatiza mtu yeyote anayeshikilia kwamba hali ya kiwandani ndiyo kweli isiyo na doa, kwa sababu ilikuwa nakala ya DKW RT 125 ya Wajerumani, ambayo michoro yake ilitwaliwa kama fidia ya vita. Na kutoka kwa mchoro huo huo Warusi walitoa zao, Wamarekani wa Harley-Davidson wakatoa yao, na Yamaha ya kwanza kabisa, ya mwaka 1955, ilifuata nyayo hizo hizo. Anayesugua Bantam yake mpaka ing'ae, akaapa kwamba hakuna msumari wa ugeni ndani yake, anaitunza kwa uaminifu kazi ya kuiga.

Kisha wakaja Wajapani. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG 125, chombo ambacho kwa maoni yangu kilibuniwa kwa insafu kuliko vyote vilivyopata kufika katika barabara zetu, kwa kuwa wahandisi wake walikwenda kwanza kuwatazama watu wa nchi maskini wanavyozitumia pikipiki: wanavyozipakia kupita kiasi, na wanavyozisahau bila ya kubadili oili. Waliporudi waliacha ile cheni ya ndani ya injini inayozungusha kemu ya juu, ambayo bila oili safi hulegea na kupiga kelele, wakarudia mtindo wa kale wa fimbo mbili za chuma zinazosukuma valvu kutoka chini. Na cheni ya nje wakaivika kifuniko ili mchanga usiitafune. Ilionekana kama kurudi nyuma. Takriban miaka hamsini imepita, na pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria Nachingwea hivi leo zina injini zilizotokana na ile.

Mara tu baada ya hapo nchi ikaingia katika miaka ya ukame wa fedha za kigeni. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, na hazina ikawa tupu. Spea hazikuwako Dar es Salaam, seuze Kusini. Kwa kuwa daraja la Rufiji halikufunguliwa mpaka mwaka 2003, mzigo wa kwenda Lindi na Mtwara ulipitia kwenye kivuko cha Ndundu, na masika yalipokaza, malori yalilala njiani hata madereva wakajenga urafiki na wenyeji. Pistoni iliyoagizwa mwezi wa Machi iliweza kufika wakati wa kuvuna ufuta, tena ikawa si saizi yake.

Katika hali hiyo ndipo ugeuzaji wa kweli ulipozaliwa, nao haukufanana hata kidogo na ule wa Triton. Fundi aliyeletewa Honda ya idara iliyokufa silinda hakuuliza ni kitu gani kitapendeza. Aliuliza ni kitu gani kilichopo. Kabureta ya Suzuki ilifungwa kwenye Honda kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari wa moto. Pleti za klachi zilizokwisha zilivishwa ngozi au koki. Spoku za baiskeli zilipigwa kwata ya kuwa spoku za pikipiki, na aghalabu zikakataa. Platini ndilo lilikuwa somo la kwanza la mwanafunzi wa gereji: kuzisugua kwa msasa mpaka uso wake uwe sawa, kisha kuweka mwanya baina yake kwa kipande cha boksi la sigara, ambacho unene wake, kwa bahati njema ambayo watengenezaji wa sigara hawakuikusudia, ulikaribia sana kipimo cha kitabu. Chombo kilipiga. Na kilipopiga, bwana afya alifika kijijini na dawa zake.

Ukitaka kuiona tarihi hii kwa macho, usitazame injini kwanza, tazama keria. Ile ya kiwandani ilikuwa ya chuma chembamba cha kubebea mkoba. Ya kwetu ilichomelewa kwa nondo za kujengea nyumba, ikaongezwa upana mpaka gunia likae bila ya kuning'inia, na miguu yake miwili ikashushwa ikashikamana na ekseli ya nyuma, kwa maana fundi aligundua kwamba uzito ukiachwa juu ya fremu, fremu hupasuka nyuma ya kiti. Pembeni zake palichomelewa ndoano za kushikia mipira iliyokatwa kwenye tyubu. Hapana mchoro wa kazi hiyo katika kitabu chochote, lakini keria ya Ruangwa na keria ya Naipingo zilifanana kama ndugu, kwa kuwa zilifundishwa na gunia lile lile la korosho na mchanga ule ule.

Zama za leo nitazipita upesi, si kwa kuzidharau bali kwa sababu kila mtu anaziona. Daraja la Rufiji lilipofunguliwa, pikipiki za Kichina na za Kihindi zilimiminika. Kanuni za mwaka 2010 zikahalalisha pikipiki kubeba abiria. Na fedha za korosho, zinazopitia minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, zikawawezesha vijana kununua chombo ambacho babu zao walikiona chini ya bwana mkubwa tu. Kijana wa bodaboda hugeuza kwa furaha: stika za timu, taa za rangi, bampa za kukinga miguu, shokapu zilizoongezwa nguvu, kiti kilichorefushwa ili mshikaki wa watu watatu ukae, jambo ambalo askari wa barabarani hulikataza na abiria hulishangilia. Sina ugomvi naye. Chombo chake ni kipya, nacho ni jembe lake.

Ugomvi wangu ni kuhusu zile kuukuu. Sasa wameanza kuonekana watu, wengi wao wenye kazi mjini na asili ya huku, wanaozitafuta Honda na Yamaha za miaka ya sabini na themanini zilizotupwa nyuma ya ghala za idara na misheni, na wakishazipata huziendea kwa njia mbili. Wa kwanza hukata fremu nyuma, hutia kiti bapa kama ubao, huvisha matairi mapana, hupaka rangi nyeusi isiyong'aa, na kuzifanya zifanane na picha alizoziona kwenye simu. Huyu ananihuzunisha, maana pikipiki yake ingeweza kutoka mji wowote duniani, na kiti kile hakimfikishi mtu hata Mbekenyera. Wa pili huagiza vibandiko vya tangi kutoka ng'ambo, hung'oa kila kilichochomelewa, hulisaga kovu la fremu mpaka lisionekane, na kukirudisha chombo siku ya kuzaliwa kwake. Huyu nilimpenda zamani kuliko ninavyompenda sasa. Anapoitupa keria ya nondo kwa kuwa si ya kiwandani, anatupa kipande pekee cha chombo kile kilichoundwa Nachingwea.

Kwa rai yangu, injini, breki, taa na waya vyafaa virudishwe karibu kabisa na kitabu, maana wahandisi wale walijua walilolifanya, na kabureta ya kuazima hula petroli bila ya haya. Ama keria, kiraka cha fremu, na bomba la eksozi lililounganishwa kwa ustadi, viachwe mahali pake. Wenye madhehebu yote mawili wataniona mtu wa kigeugeu, nami nimekubali.

Iko sababu nyingine inayonitia nguvu, nayo imo katika kadi. Kadi ya pikipiki huandikwa nambari ya fremu na nambari ya injini, na hii ya pili hupigwa muhuri juu ya kasha la injini lenyewe. Katika miaka ya shida, fundi mwenye akili aliweza kubadili kila kitu ndani ya kasha, krenki, gia, pistoni na klachi, lakini kasha alilitunza kama amana, akaziba nyufa zake na kulifunga tena, kwa sababu kasha likibadilika, chombo hakilingani na karatasi yake, na kisicholingana na karatasi huonekana cha wizi. Ndiyo maana hutokea ukaikuta pikipiki iliyopitia mikono ya mafundi watano, yenye tangi la ndugu yake na magurudumu ya jirani yake, ingali na nambari zake mbili za kwanza, zinazosomeka ukisugua tope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Basi aliyebahatika kuipata moja ya namna hiyo huko Naipingo, kabla hajanunua hata plagi, na amwendee aliyemuuzia akaidai kadi, hata ikiwa imetafunwa na mchwa na ina jina la idara iliyovunjwa zamani. Na kuhusu rangi, asihangaike na vitabu vya ng'ambo, akivua kiti ataikuta ya kwanza bado ipo pale chini, mahali ambapo jua halikufika, na mpuliza rangi wa mjini ataichanganya kwa kuilinganisha na hiyo.