Barua ya Mapenzi Mezani kwa Afisa

Kuna aina moja ya barua ambayo sisi wapenzi wa fasihi hatuijadili, ingawa pengine husomwa kwa makini kuliko zote: barua ya mwaliko wa viza. Chukua binti wa Kasense, kata mojawapo ya Manispaa ya Sumbawanga, mwenye mchumba Ujerumani. Mchumba anamwalika akamtembelee kwa miezi miwili. Barua inamtaja binti kila mstari, lakini hakuandikiwa yeye. Ameandikiwa afisa. Na ona ajabu yake: barua ya mapenzi tuliyoizoea husema njoo, ukae. Hii inatakiwa kumhakikishia mtu baki kwamba mpenzi akija, ataondoka.

Huyu msomaji wa tatu katikati ya wapenzi wawili ametoka wapi? Kwa huku kwetu Ufipa, historia yake si ndefu, na inafuatika.

Methali inajulikana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndani yake mna sheria nzima ya uhamiaji. Muda wa ukaaji umetajwa, masharti ya kuongeza muda yametajwa, na mwenye kuamua ni mwenyeji. Mgeni alidhaminiwa na mtu anayemfahamu: mjomba, shemeji, mshenga. Kama kulikuwa na shaka, aliulizwa yule aliyemleta.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin, na ndani yake mna mstari unaotuhusu. Unatoka Ziwa Nyasa, unapanda mto Songwe, unafuata hesabu za longitudo ambazo hapa hakuna aliyewahi kuziona, unafika pale matawi mawili ya mto Kalambo yanapokutana, kisha unateremka na mto huo mpaka Ziwa Tanganyika. Wamambwe na Walungu wakajikuta wako pande zote mbili. Mtu hakuhama hata hatua moja, lakini wakwe zake wakawa watu wa nchi nyingine.

Hata hivyo mstari peke yake haukumdai mtu barua. Karatasi ilikuja na mshahara. Migodi ya Ukanda wa Shaba, Rhodesia ya Kaskazini, ilipopanuka kuanzia miaka ya 1920, wanaume walikwenda kwa wingi kutafuta pesa. Mwanaanthropolojia William Watson aliandika habari za Wamambwe wa upande ule wa mpaka katika kitabu chake cha 1958. Alionyesha kwamba vijiji vyao havikuvunjika, kwa sababu waliobaki waliweza kuendelea na kazi ya shamba. Sentensi hiyo ya kitaalamu ina watu ndani yake: mke aliyebaki na jembe, mume aliye mgodini, na miezi mingi katikati. Mapenzi ya mbali hayakuanza na simu za kisasa, jamani.

Basi mwanamke akitaka kumfuata mwenzake? Hapo ndipo msomaji wa tatu anapoingia. Katika miaka ya 1930 na 1940, watawala wa jadi huko Rhodesia ya Kaskazini, wakiungwa mkono na serikali ya kikoloni, walijaribu kuwazuia wanawake wasioolewa wasiende mijini. Aliyekosa uthibitisho kwamba ni mke wa mtu aliweza kurudishwa kijijini. Mwanamume alisafiri kwa sababu mgodi unamtaka. Mwanamke alitakiwa aeleze yeye ni wa nani. Kumbe cheti cha ndoa kilianza kufanya kazi ya viza kabla watu wetu hawajalijua neno viza.

Huko Ulaya nako karatasi ilikuwa ngeni kuliko tunavyodhani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watu walivuka mipaka mingi ya bara hilo bila pasipoti. Vita vikaileta kama hatua ya dharura. Oktoba 1920 mataifa yalikutana Paris chini ya Shirikisho la Mataifa, yakakubaliana sura ya pasipoti moja: kijitabu cha kurasa 32. Dharura imepita, kijitabu kimebaki.

Uingereza ndiko mapenzi yalikopelekwa mahakamani waziwazi. Sheria ya 1962 ilianza kuwafungia mlango raia wa Jumuiya ya Madola. Ile ya 1968 iliwalenga hasa Waasia wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasipoti za Uingereza mkononi. Mwaka 1979 ikafichuka kwamba mwanamke wa Kihindi aliyefika uwanja wa Heathrow kuolewa na mchumba wake alipimwa ubikira na daktari, ili waone kama anasema kweli. Barua haikutosha, wakausoma mwili.

Katika miaka ya 1980 kukawa na kanuni nyingine: mwanamume wa kigeni anayemfuata mke wake Uingereza athibitishe kwamba shabaha kuu ya ndoa si kuingia nchini. Hebu fikiria mtihani huo. Unathibitishaje jambo ambalo hukulikusudia? Ukisema unataka kuishi na mkeo, na mkeo anaishi London, tayari umejifunga mwenyewe. Wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza na kunyimwa kuwaleta waume zao, mmoja wao Bi. Abdulaziz, mzaliwa wa Malawi, walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 28 Mei 1985 mahakama iliamua kwamba wamebaguliwa kwa jinsia, maana wanaume waliweza kuwaleta wake zao kwa urahisi zaidi. Serikali ikasawazisha mambo kwa namna yake: ikawabana na wake pia. Kanuni ile ya shabaha kuu ilifutwa mwaka 1997.

Tusiwacheke Waingereza peke yao. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 ilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania haikumpa njia hiyo. Ni wazo lilelile la barabara ya migodini: mke humfuata mume, na mume anayemfuata mke anatiliwa shaka.

Sasa rudi kwa binti wetu wa Kasense. Kama mchumba wake angekuwa wa Mbala, ng'ambo ya kituo cha Kasesya, Mzambia huyo angekuja na hati yake ya kusafiria bila viza. Mjerumani akitaka kuja Sumbawanga, analipa dola 50 na anaweza kukaa hadi siku 90. Binti akitaka kwenda Ujerumani, anasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam. Anabeba bima ya matibabu ya euro 30,000, taarifa za benki na barua ya mwaliko. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90, na akinyimwa hairudi. Sababu mojawapo ya kunyimwa imeandikwa kwenye kanuni zenyewe: shaka kwamba mwombaji hatarudi kwao.

Hapa ndipo penye uchungu. Binti ana sababu tele za kurudi. Ana shamba la mahindi na maharage la ukoo, ng'ombe wawili kwa kaka yake, na mama anayemtegemea. Lakini shamba halina hati, ng'ombe hawana risiti, na mama si kiambatanisho. Kila kinachomfunga Ufipa ni cha aina ileile aliyoijua mwenyeji wa zamani, na ambayo afisa hana mahali pa kuijaza kwenye fomu.

Kwa hiyo wapenzi wanajifunza kuandika upya. Wanahifadhi jumbe za simu, wanazichapa, wanapanga picha kwa tarehe. Siku nyingine mmoja anamwambia mwenzake "nakupenda" huku akijua kwamba ukurasa huo unaweza kupelekwa ubalozini. Neno ni lilelile, ila sasa lina msikilizaji mwingine. Wake wa miaka ya 1930 walidaiwa cheti tu. Wa leo wanadaiwa cheti pamoja na maneno ya chumbani.

Wanahistoria wa kesho wakitafuta barua za mapenzi za zama zetu, nyingi watazikuta kwenye mafaili ya viza, zimetobolewa matundu mawili pembeni na kupigwa mhuri. Wazisome taratibu. Zile zinazosisitiza mno kwamba mpenzi ataondoka, ndizo zilizotamani zaidi abaki.