Kipeperushi na upepo: ujumbe wa kisiasa angani, 1812-2023

1. Utangulizi

Neno kipeperushi limetokana na kitenzi peperusha, yaani kufanya kitu kichukuliwe na upepo. Siku hizi karatasi nyingi ziitwazo hivyo hutolewa kwa mkono, na wasemaji hawaikumbuki tena asili ya neno. Hata hivyo, wako watu katika historia ya siasa waliotenda sawasawa na maana hiyo ya kwanza: walipofungiwa milango ya bunge na ya magazeti, waliukabidhi upepo maneno yao. Makala haya yanachunguza mifano mitatu, miwili ya Uingereza na mmoja wa Korea, kwa kuuliza swali moja: ujumbe ukisharushwa, ni nani anayeubebea mzigo wake?

2. Maputo ya Lynmouth

Mnamo Agosti 1812, Percy Bysshe Shelley, mshairi aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 20, alikuwa akiishi Lynmouth, kijiji cha pwani katika jimbo la Devon. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, wafumaji walikuwa wakivunja mashine viwandani, na serikali iliogopa mapinduzi. Shelley alikuwa amechapisha huko Dublin tamko la haki lenye vifungu 31, lililofundisha kwamba mamlaka ya serikali ni amana tu iliyotolewa na raia. Sheria ya mwaka 1799 ilidai kila karatasi ya namna hiyo iwe na jina la mchapishaji. Tamko hilo halikuwa nalo.

Njia alizotumia kulieneza zilikuwa za nyumbani. Nakala nyingine alizitia katika chupa na kuzitosa baharini, nyingine alizifunga kwenye maputo ya moto. Puto la aina hiyo ni mfuko mwepesi wenye mdomo upande wa chini, ambapo huwekwa utambi uliolowekwa katika pombe kali. Utambi ukiwaka, hewa ya ndani hupata joto na kuwa nyepesi kuliko ya nje, nao mfuko hupaa mpaka moto uzimike. Uelekeo wake huamuliwa na upepo peke yake.

Aliyekamatwa, hata hivyo, hakuwa mrusha maputo. Tarehe 19 Agosti, mjini Barnstaple, mtumishi wake kutoka Ireland, Daniel Healey, alishikwa akibandika nakala za tamko hilo. Alitozwa faini ya jumla ya pauni 200, au kifungo cha miezi 6. Bwana wake hakuweza kuilipa, na mtumishi akaingia gerezani. Shelley aliondoka Lynmouth kabla ya mwezi kwisha. Karatasi iliyopaa haikuonyesha mtu. Ile ya ukutani ilikuwa na mkono ulioibandika, na mkono huo haukuwa wa mwandishi.

3. Anga ya London

Muriel Matters alizaliwa Adelaide, Australia ya Kusini, ambako wanawake walipata haki ya kupiga kura mwaka 1894. Alipohamia Uingereza alijikuta amerudi nyuma: huko wanawake hawakuruhusiwa kuwachagua wabunge. Tarehe 28 Oktoba 1908 alijifunga kwa mnyororo kwenye kizuizi cha chuma kilichowatenga wanawake waliofuata mijadala bungeni, ikabidi kizuizi hicho king'olewe pamoja naye.

Tarehe 16 Februari 1909, mfalme Edward VII alipokwenda kufungua bunge, Matters alipaa kutoka Hendon katika puto refu la mita 24 hivi, lililosukumwa na mtambo mdogo na kuongozwa na rubani Henry Spencer. Ubavuni yaliandikwa kwa herufi kubwa maneno ya kudai kura kwa wanawake. Alichukua vipeperushi vya uzito wa kilo 25 hivi, akavimwaga juu ya jiji. Lakini mtambo ulishindwa na upepo. Badala ya kupita juu ya msafara wa mfalme, chombo kilisukumwa kusini, kikatua Coulsdon baada ya saa moja na nusu.

Kwa kipimo cha safari, jaribio lilishindwa. Kwa kipimo cha habari lilifaulu, maana magazeti yalilitangaza ndani na nje ya Uingereza. Tena, tofauti na Shelley, Matters alipaa yeye mwenyewe pamoja na maneno yake. Wanawake waliotimiza miaka 30, wenye masharti fulani ya mali, walipata kura mwaka 1918. Usawa kamili na wanaume ulikuja mwaka 1928.

4. Mpaka wa Korea

Mwaka 2004 serikali mbili za Korea zilikubaliana kuacha propaganda mpakani. Baada ya hapo kazi hiyo iliendelezwa na raia, wengi wao wakiwa wakimbizi wa Kaskazini waishio Kusini. Waliunganisha wenyewe mifuko mirefu ya plastiki, wakaijaza gesi nyepesi, wakaning'iniza chini yake vipeperushi, na mara nyingine noti za dola, pamoja na kifaa cha kuhesabu muda ili mzigo ufunguke ukishavuka mpaka.

Tarehe 10 Oktoba 2014 majeshi ya Kaskazini yaliyapiga risasi maputo hayo, na risasi nyingine zikaanguka Yeoncheon, upande wa Kusini. Wakulima wa mpakani walilalamika kwamba warushaji hurudi mjini jioni, wakiwaachia wao hatari. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Desemba 2020 bunge la Kusini lilipiga marufuku urushaji huo, kwa adhabu ya hadi miaka 3 gerezani. Septemba 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo kwa kuwa ilibana kupita kiasi uhuru wa kusema. Mwaka uliofuata, Kaskazini ilijibu kwa maputo ya takataka.

5. Hitimisho

Katika mifano yote mitatu, upepo haukumtii mrushaji. Thamani ya tendo ilitegemea zaidi waliolishuhudia na waliolikataza kuliko idadi ya karatasi zilizofika. Kuhusu mzigo, Matters aliubeba mwenyewe, Healey aliubebea mwingine, na wakulima wa Yeoncheon waliubebeshwa bila kuulizwa. Uhuru wa kusema unastahili kulindwa, kama mahakama ya Seoul ilivyoamua. Lakini hukumu hiyo haiwaondolei warushaji wajibu wa kuwauliza kwanza wale wanaoishi chini ya njia ya puto.