Chungu Kilitangulia Chuo

Muulize mtu wa Jinja, Uganda, bia ya Nile Special inapikwa wapi, atakujibu bila kusita: hapa hapa kwetu. Ukweli ni kwamba kiwanda kiko Njeru, ng'ambo ya mto Nile, lakini mnywaji hana habari na mipaka ya wilaya. Nile Breweries ilianzishwa mwaka 1951, siku ambazo bwawa la Owen Falls lilikuwa likijengwa. Bwawa lilipofunguliwa mwaka 1954, Jinja ikawa mji wa viwanda, na bia ikapikwa kwa umeme, kwa shayiri na kwa elimu ya kutoka Ulaya.

Huko Ulaya pombe ilikwishaingia darasani zamani. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifanikiwa kukuza hamira safi itokanayo na chembe moja tu. Tangu hapo mpishi wa bia akahitaji hadubini. Vyuo vya Weihenstephan kule Ujerumani na Heriot-Watt mjini Edinburgh vimefundisha kazi hiyo kwa zaidi ya karne moja. Chuo cha Makerere nacho kilifungua milango mwaka 1922 kwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo, kisha zikafuata tiba, kilimo na ualimu. Pombe ilibaki nyumbani kwa akina mama.

Na nyumbani kulikuwa na shule. Panda kutoka Jinja hadi Mbale, chini ya Mlima Elgon, umtazame mama wa Kigisu anayepika pombe ya busaa. Unga wa mahindi anaukanda na maji, anaufunika siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha anaumwaga juu ya bati pana lililoinjikwa motoni, anaugeuza na kuugeuza, moshi machoni, hadi uwe chenga za kahawia zinazonukia kama mkate ulioungua kidogo. Wakati huo ulezi wake umeshalowekwa, umeota vijimizizi, umeanikwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Chenga zikishapoa, huzitia majini pamoja na kimea, na baada ya siku chache chungu kinatokota bila moto. Wateso, jirani wa Wagisu, hupika ajon, ambayo mjini Kampala huitwa malwa, kwa njia inayofanana na hiyo, ila wao ni ulezi mtupu, nao huinywa kwa mirija mirefu wakizunguka chungu kimoja.

Sasa sikiliza mwanakemia atakavyoeleza kikaango hicho cha bati. Wanga wa mahindi, mtama na ulezi haulainiki mpaka upate joto kali kuliko wanga wa shayiri. Lakini vimeng'enya vya kimea, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, hufa kwa joto hilo hilo. Mama amekwisha kulitatua tatizo hilo: wanga anaupitisha motoni peke yake, kimea anakitia baadaye. Hakuna aliyemwandikia kanuni. Alirithi kwa mama yake, na kwa Wagisu elimu hiyo imefika hata kwenye tohara ya imbalu, ambako kijana anayekaribia kutahiriwa humimina maji kwenye nafaka ya pombe ya sherehe yake, naye hupakwa kimea cha ulezi mwilini.

Kiwanda cha Njeru nacho kilipita taabu zake. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, familia ya Madhvani, wamiliki wa kiwanda, ilinyang'anywa mali, na haikurudishiwa kiwanda mpaka miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 1997 wakaingia South African Breweries.

Hapo ndipo chuo kilipoanza kukifuata chungu. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Serere, huko Teso, walikuwa wametoa mwaka 1995 mbegu ya mtama mweupe iitwayo Epuripur. Mwaka 2002 ikazaliwa Eagle Lager, bia ya mtama huo, na serikali ikaitoza ushuru mdogo kuliko bia ya shayiri. Kichekesho ni kwamba mtama wa Eagle haukuoteshwa kuwa kimea. Kiwanda kilitia vimeng'enya vya kununua. Mama wa Mbale huviotesha mwenyewe juu ya majani ya mgomba.

Kijana wa leo anayetaka kazi Njeru kwa kawaida husoma sayansi ya chakula au kemia chuoni, kisha akiwa kazini hufanya mitihani ya Chartered Institute of Brewers and Distillers ya London, iliyokuwa ikiitwa Institute of Brewing and Distilling, chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1886. Ni njia nzuri, sina ugomvi nayo. Wanasayansi wa Makerere nao wamechunguza vinywaji vya kienyeji vya kwete na bushera, wakazitambua bakteria zinazochachusha vinywaji hivyo, na matokeo yao yakachapishwa katika majarida ya kimataifa.

Kilichobaki ni kwa wakuu wa vyuo vya mashariki: mwiteni mama wa busaa darasani, na kikaango chake, aonyeshe kazi mbele ya wanafunzi. Na akimaliza, alipwe kama mhadhiri.