Kokoto za Matumbawe katika Majengo ya Kilwa

Kila aingiaye Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani hustaajabia kuba zake, na ni haki yake, lakini mimi huona kwamba vijiwe vilivyomo ndani ya kuba hizo havijapewa heshima inayovistahili. Maana katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyejenga jumba la Husuni Kubwa, na katika karne iliyofuata, waashi wa pwani hawakuwa na saruji. Walikuwa na mchanga, na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo, na kokoto za matumbawe hayo hayo.

Na hapo ndipo ulipo ujuzi wao: chokaa peke yake husinyaa na kupasuka ikaukapo, bali ikichanganywa na kokoto kubwa kwa ndogo, hata ndogo zikajaza nafasi zilizoachwa na kubwa, mzigo huchukuliwa na jiwe, na chokaa hubakiwa na kazi ya kushika tu. Tumbawe, kwa kuwa lina vitundu vingi na uso wa kukwaruza, hushikwa barabara, na kwa wepesi wake haliilemei kuba.

Dari za nyumba nazo zilimwagwa vivyo hivyo juu ya boriti za mikoko, kisha zikapondwa kwa vipande vya mti siku kadha wa kadha hata zishikamane. Na urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa chumba, takriban mita 3 au pungufu. Ama nguzo za msikiti, zilizokuwa kwanza za jiwe moja moja, zilipojengwa upya zilijengwa kwa vijiwe na chokaa.