Panya, Konokono na Kidonge cha Kichocho

Mwanafunzi wa Pemba au wa Ukerewe anaposimamishwa kando ya fimbo ya kupimia urefu ili ijulikane ameze vidonge vingapi vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, anapokea matunda ya kazi ya miaka zaidi ya mia moja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika miili ya panya.

Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho mwaka 1851 mjini Cairo, ndani ya mishipa ya damu ya maiti. Walifikaje humo? Wataalamu walibishana zaidi ya nusu karne. Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki walimtambua konokono anayelea vimelea vya kichocho cha Asia. Miaka miwili baadaye Mwingereza Robert Leiper alikwenda Misri, akakusanya konokono wa mifereji, akawaambukiza panya na wanyama wengine kwa maji yenye vimelea vilivyotoka katika konokono hao. Ikathibitika kwamba ugonjwa huingia kupitia ngozi, na kwamba kichocho cha mkojo na cha utumbo huletwa na minyoo wawili tofauti, kila mmoja na konokono wake.

Dawa ya kwanza ilianzia kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 1918 J. B. Christopherson, akiwa Khartoum, alitangaza kuwatibu kwa chumvi ya antimoni iliyodungwa mshipani: sindano nyingi, kwa wiki kadhaa, za kutapisha na kuhatarisha moyo. Misri iliendesha kampeni za sindano hizo vijijini kwa miongo kadhaa, na sindano zilizotumiwa tena bila kutakaswa ipasavyo zikasambaza homa ya ini aina ya C. Wanavijiji walifuata tiba ya ugonjwa mmoja wakarudi nyumbani na mwingine, na huo ni msiba usiostahili kusahauliwa.

Dawa za baadaye zilipita kwanza kwa panya. Konokono huwekwa majini chini ya taa mpaka watoe vimelea, vikahesabiwa kwa hadubini. Panya huchovywa mkia katika maji hayo. Baada ya wiki sita au saba minyoo wamekomaa. Kundi moja hupewa dawa, jingine huachwa. Mwishowe panya huuawa, mishipa ya ini na utumbo husukumiwa maji, na minyoo waliotoka huhesabiwa mmoja mmoja. Ni kazi ya subira, nayo hugharimu uhai. Anayewahesabu minyoo hao ana deni la kuifanya kazi hiyo kwa uangalifu.

Hivyo ndivyo prazikwanteli, iliyotoka katika maabara za Kijerumani za Bayer na E. Merck, ilivyojulikana kabla ya kujaribiwa kwa watu, Zambia ikiwa mojawapo ya nchi za mwanzo. Dozi moja ya miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili ilichukua nafasi ya wiki za sindano.

Lakini panya walisema pia mambo ambayo hakuna aliyependa kuyasikia. Dawa huwaua minyoo wakubwa, huku wale wa wiki tatu au nne wakinusurika; mtoto aliyeoga ziwani mwezi uliopita anaweza kumeza vidonge vyote akabaki na minyoo. Mwaka 1987 Paul Brindley na Alan Sher walionyesha kwamba panya walionyimwa kingamwili hawapati nafuu ileile: dawa huanza kazi, mwili huimalizia. Mwaka 1994 Fallon na Doenhoff, kwa kuwatibu panya nusunusu kizazi baada ya kizazi cha minyoo, walipata minyoo wasiodhuriwa sana na dawa.

Panya ana mipaka yake pia. Mnyoo wa kichocho cha mkojo, yule wa Unguja na Pemba, hastawi ndani yake, hivyo watafiti humtumia hamsta. Maarifa mengi tuliyo nayo ni ya mnyoo wa utumbo, yule wa Ziwa Victoria.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa China walikuwa wameona kwamba dawa za jamii ya atemisinini, zile zile za malaria, huwaua ndani ya panya minyoo wachanga ambao prazikwanteli huwaacha. Habari hiyo ingetosha kuleta furaha Mwanza, isipokuwa kwamba mtoto wa huko ana kichocho na malaria pamoja, na kumgawia dawa hiyo mara kwa mara kwa ajili ya minyoo kunaweza kuvifundisha vimelea vya malaria kuizoea. Panya wa maabara hupewa ugonjwa mmoja tu.