Diwani ya Muyaka na maandishi yanayobadilika
Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata 1840, yalipita mikono mingi kabla ya kupigwa chapa. Yaliishi vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, alipoyaandika kwa hati za Kiarabu, akisaidiana na mmisionari W. E. Taylor. Hati hizo, zisipotiwa alama za ziada, hazitenganishi e na i, wala o na u. Mhariri hulazimika kuamua. William Hichens aliitoa diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake 1979. Anayetaka kulinganisha huviweka vyote viwili mezani.

Kitabu cha dijitali hakimpi nafasi hiyo. Julai 2009 duka la mtandaoni la Amazon liliifuta riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 kwenye vifaa vya kusomea vya wateja waliokwisha kuilipia, kwa sababu ya mzozo wa haki za kuchapisha. Baadaye likaomba radhi. Kwa njia hiyohiyo maneno ya kitabu yanaweza kubadilishwa. Kusahihisha makosa ya chapa hakuna ubaya, mradi toleo la awali lisipotee. Anayesomea kwenye simu kule Bofu, Likoni, hana rafu yenye nakala ya zamani, na mara nyingi kitabu chenyewe hakimwonyeshi kilibadilishwa lini.