Soko la Krismasi Chini ya Ardhi: Pango au Machimbo?

Kwa Kiholanzi, grot ni pango na groeve ni machimbo. Kinachoyatenganisha maneno hayo mawili ni kimoja tu: kazi ya mtu. Pango huchimbwa na maji na miaka. Machimbo huchimbwa na mikono. Nimeanzia kwenye maneno kwa sababu mji mdogo wa Valkenburg, kusini kabisa mwa Uholanzi katika mkoa wa Limburg, umejipatia jina Ulaya nzima kwa masoko yake ya Krismasi yanayofanyika ndani ya mapango. Na mapango hayo, ukweli usemwe, si mapango hata kidogo.

Ni machimbo ya mawe. Chini ya vilima vya Limburg kuna jiwe la chokaa la rangi ya manjano hafifu ambalo wenyeji huliita mergel. Liliwekwa na bahari ya kina kifupi mwishoni mwa zama za dinosaria, na wanajiolojia wamekipa kipindi hicho jina la mji jirani wa Maastricht. Likiwa ardhini huwa laini, hukatwa kwa msumeno kama mbao. Likishakaa hewani hukaza. Msomaji wa Pwani hatashangaa. Mafundi wetu wa Lamu na Unguja walilijua jambo hilohilo kwenye matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa upesi kabla hayajawa magumu. Kule na huku, watu walijenga nyumba kwa mabaki ya viumbe wa bahari.

Kwa karne nyingi, basi, wachimbaji waliingia kilimani na taa zao, wakatoa matofali, wakaacha njia. Juu ya machimbo yanayoitwa Fluweelengrot, yaani pango la mahameli, kuna magofu ya ngome iliyojengwa kwa jiwe hilohilo. Mwaka 1672 majeshi ya Uholanzi yenyewe yaliilipua ili isiwafae Wafaransa. Ngome ikabaki vipande. Shimo lililoizaa likabaki zima.

Nilifika huko Desemba moja pamoja na dada yangu, binti wa mama mkubwa, anayeishi Aachen, ng'ambo tu ya mpaka wa Ujerumani. Tulikata tiketi, tukapanga foleni, tukashuka. Nje baridi ilikuwa inauma. Ndani ni nyuzi kama 12 hivi, kiangazi na kipupwe, kwa hiyo watu wanafungua makoti. Vibanda vimepangwa kwenye njia za mawe: mapambo ya kioo, mishumaa, skafu za sufi, jibini. Taa kila mahali. Kuta zina michoro ya makaa na sanamu zilizochongwa humohumo kwenye jiwe. Kwa kweli panapendeza, sitaki kudanganya.

Nyuma ya kibanda kimoja niliona mistari sambamba ukutani, mingi, imeinama upande mmoja.

"Dada, hebu gusa hapa," nikamwambia.

"Si urembo wa ukuta huu?"

"Ni msumeno. Mtu alikuwa anakata."

Akapitisha vidole taratibu, kisha akasema, "Kumbe humu watu walifanya kazi." Alikuwa ameshafika sokoni hapo mara tatu.

Hapo ndipo neno pango linaponikera. Linakuambia kwamba mahali hapa palikuwepo tu, pakisubiri taa za rangi. Aliyekata hayupo tena kwenye habari.

Na historia ya humo ndani si ya wachimbaji peke yao. Ufaransa ya mapinduzi ilipolitwaa eneo hili, mapadri walitakiwa mwaka 1797 kula kiapo cha kuuchukia ufalme. Waliokataa walisakwa. Baadhi yao walijificha Fluweelengrot, na kikanisa chao cha siri bado kipo. Kama walisherehekea Krismasi humo, waliisherehekea kwa kunong'ona, wakiwakimbia watu waliosema wameleta uhuru. Leo nyimbo za Krismasi zinapigwa kwenye spika, njia chache tu kutoka hapo.

Ikaja Vita ya Pili ya Dunia. Mchoro mkubwa wa Rembrandt, Lindo la Usiku, uliviringishwa na kufichwa kwenye ghala ndani ya kilima cha Sint-Pietersberg, Maastricht, kuanzia 1942 hadi vita vilipokwisha. Septemba 1944, mapigano yalipofika Valkenburg, wakazi nao waliingia chini na watoto na magodoro. Kisha tarehe 24 Desemba mwaka huohuo, siku nane baada ya mapigano ya Ardennes kuanza, askari wa Marekani walisali misa ya mkesha ndani ya machimbo karibu na Maastricht, wakaandika majina yao ukutani. Kwangu mimi hayo ni maandishi mazito kuliko vitabu vingi: jina tu, la mtu asiyejua kama ataiona Januari.

Je, ni kosa basi kuuza mishumaa mahali kama hapo? Sidhani. Valkenburg imekuwa ikiishi kwa wageni tangu reli ilipofika mwaka 1853. Mwaka 1910 ulifungua nakala ya makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, kazi ya Pierre Cuypers, yuleyule aliyesanifu jumba la Rijksmuseum. Mwaka 1917 ukafungua mgodi wa kuigiza wa makaa ya mawe, kwa watalii, wakati migodi halisi ya Limburg ingali inafanya kazi. Mgodi halisi wa mwisho ulifungwa mwaka 1974. Ule wa kuigiza ungali unapokea wageni.

Mfano huo unanifundisha mambo mawili kwa pamoja. Biashara huhifadhi: bila tiketi, nani angezikagua dari hizi na kuziwashia taa? Lakini biashara huhifadhi kile kinachouzika, na jasho huuzika kwa shida kuliko maajabu. Ndiyo maana machimbo yameitwa pango.

Soko liendelee. Ombi langu ni dogo, linahusu kibao cha mlangoni: chini ya neno grot liongezwe neno groeve. Mgeni atanunua mshumaa wake vilevile. Ila akiinua macho ataiona ile mistari, na atajua kwamba kila hatua anayopiga humo kuna mtu aliitoa kwa mkono, tofali baada ya tofali.